Vizibo Saba na Kuoshwa kwa Bihogo

Tulieni, ninyi mlioketi, na ninyi mliosimama mlangoni mkisingizia kwamba mnapita tu. Anayechambua maharage na achambue polepole. Mwenye mtoto anayelia na amnyonyeshe. Na wewe mwenye redio, uizime, kwa maana habari inayokuja haipendi kushindana na bei ya kahawa. Mmekwisha kusikia za wafalme waliovuka Ruvuvu na majeshi yao, na za mashujaa waliolala wamekumbatia mikuki. Sikieni sasa habari ya injini moja ya silinda nne, iliyolala miaka mitatu katika banda la mabati huko Keza, na ya mama mmoja aliyeiendea vitani akiwa na bakuli la majivu.

Vita vilianza kwa mlio mdogo. Kwaru. Kwaru-kwaru. Ilikuwa Ijumaa, alfajiri haijapasuka, ukungu umelala juu ya migomba kama blanketi ambalo hakuna aliyetaka kulikunja, na majogoo wangali wanasubiriana nani aanze. Ndipo mlio ule ukatoka jikoni kwa Deodata, mjane wa Rogasian, Deodata Msugua-Masizi, mwenye umri wa miaka sabini na miwili na magoti mawili yasiyosikilizana. Alikuwa ameipindua sufuria mapajani, anaisugua kitako kwa stiliwaya na majivu ya kuni za mkaratusi, anaisugua kwa saburi, mpaka kile kitako cheusi kikaona haya, kikaanza kung'aa.

Kwa nini asugue sufuria saa ambayo hata mbwa wamelala? Kwa sababu mwanawe Wiston alikuwa anakuja.

Wiston mwana wa Rogasian, mtunza ghala la saruji kule Mwanza, alikuwa amepiga simu Jumanne, na hakupiga kwa maneno mengi. "Mama, nakuja Ijumaa, Jumamosi asubuhi naondoka. Nimempata mtu wa vyuma chakavu, anaitwa Ndassa, yuko Nyakahura. Atakuja na fuso aichukue ile gari ya Baba."

"Karibu, baba," alijibu Deodata, akaiweka simu ndani ya ungo wa karanga, akaketi.

Fahamuni kwamba gari lile halikuwa gari tu. Lilikuwa Pijo pikapu ya zamani, nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Na ng'ombe wa rangi hiyo katika vilima vile huitwa Bihogo. Basi Rogasian, ambaye hakujaliwa ng'ombe wa rangi hiyo, alilipa gari jina hilo, na kila asubuhi kabla ya kuliwasha alilisifu kama mchungaji anavyomsifu ng'ombe wake: "Ewe Bihogo mwenye pembe zilizo ndani, usiyenywa mtoni, unayenywa kwenye dumu!" Bihogo alibeba kahawa, alibeba maharusi, alibeba mbuzi wa mahari wasio na idadi, na siku moja alimbeba padri aliyeapa kwamba hatapanda tena, na wiki iliyofuata akapanda. Kisha Rogasian akafa, na Bihogo akanyamaza.

Na katika miaka hiyo mitatu Wiston alikuja nyumbani mara nne, na kila mara aliletwa na shughuli: kuondoa tanga, kutafuta kadi ya gari, kuziba banda lililovuja, na mara ya nne kuitafuta tena kadi ileile ya gari, kwa kuwa mara ya kwanza hakuipata. Hakuwa mwana mbaya. Alituma sukari, alituma dawa ya magoti. Lakini alikuwa mtu wa kuja kwa sababu. Deodata aliketi kando ya ungo akajiuliza: Bihogo akishaondoka, ni sababu gani itakayomleta tena mwanangu? Akaitafuta sababu hiyo chini ya karanga zote asiione. Ndipo shauri la vita likamwingia moyoni, naye hakumwambia mtu yeyote, hata paka.

Wiston aliwasili alasiri juu ya bodaboda kutoka Ngara, vumbi jekundu limempaka mpaka kope, begi moja dogo mgongoni. Na udogo wa begi lile ulimweleza mama yake kila kitu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Sijakonda, Mama."

"Basi ni bodaboda iliyokukondesha. Ingia ule."

Akala. Hata alipokwisha kushiba, silaha zake zote za ubishi zikiwa zimezama chini ya ndizi na maharage, Deodata akasimama mbele yake, akajifunga khanga kiunoni, akanena:

"Wiston mwana wa Rogasian, nisikilize. Tangu lini katika mji huu ng'ombe akatolewa na kinyesi mapajani? Babu yako alipotoa ng'ombe alimwosha kwanza, akampaka samli, akamtajia majina yake yote mbele ya aliyekuja kumchukua. Ng'ombe anayetoka mchafu huwatangazia majirani kwamba kwenu hakuna maji wala adabu. Je, Bihogo atoke na grisi ya miaka arobaini mwilini, apite mbele ya kanisa, watu waseme Deodata naye alizikwa siku ile ile na mumewe?"

"Mama, anakwenda kukatwa vipande."

"Hata maiti huoshwa."

Wiston akaisogeza sahani tupu pembeni. Deodata akauona ufa ukutani, akapenyeza mkuki wa pili.

"Na akilia?"

"Nani alie?"

"Bihogo. Tukimwosha, tukampaka rangi, naye akalia kama zamani?"

Wiston akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekaa sana na saruji. "Miaka mitatu, Mama! Mle ndani kuna kutu tu. Hata nikikupa mpaka Jumapili saa sita mchana, hatalia. Akilia, haendi popote. Ndassa nitamrudisha mimi mwenyewe na fuso lake tupu."

"Umeapa?"

"Nimeapa."

"Basi mpigie simu. Mwambie asije kesho, aje Jumapili."

Naye akampigia. Hivyo ndivyo Deodata, bila kumwaga hata tone la oili, alivyoteka siku mbili nzima kutoka katika begi lile dogo.

Jumamosi jua lilipochomoza, mama na mwana wakaingia bandani wakafunua boneti, nalo likalia kwa uchungu kama lango la mji uliosahauliwa. Lo! Ni ushenzi gani uliotamalaki humo! Grisi ilikuwa imeketi juu ya injini kama mfalme mnene asiyekumbuka alitawazwa lini; chini yake vumbi, juu yake utando wa buibui, na upande wa betri, ambapo betri haikuwepo tena, kuku mweupe alikuwa amekalia mayai manne, akawatazama kwa dharau ya mwenye nyumba. Ikabidi ufanyike mkataba. Kuku akahamishiwa kwenye tenga pamoja na mayai yake, nywele za Deodata zikadonolewa mara mbili, na amani ikarejea.

Wiston akaichukua hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini, akaichomeka mbele ya gari. Akapanua miguu, akauma meno, akajitupa juu yake kwa nguvu zote, akijua wazi kwamba haitasogea. Ikasogea. Ikazunguka laini kama jiwe la kusagia lililoizoea mikono, na Wiston, aliyejiandaa kupigana na kutu, akapigana na hewa, akaanguka kifudifudi juu ya bampa.

"Mama," alisema akijifuta kidevu. "Hii ilipaswa kuwa imeshikana."

"Ishikane kwa nini? Kila Jumamosi nikishawapa mbuzi majani, nilikuja nikaizungusha mara tatu. Baba yako aliniagiza kule hospitali. Mgonjwa asiyegeuzwa huota vidonda."

"Miaka yote mitatu?"

"Jumamosi moja nilikosa. Nilikuwa na malaria."

Wiston akainuka. Alikwenda jikoni, akarudi na maji ya moto katika beseni, akayachanganya na ya baridi, akayajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga, akayasogeza karibu na mikono ya mama yake, kwa sababu asubuhi za Keza ni baridi na vidole vya mama vilikuwa vimekakamaa. Waandishi wa vita hupenda kuyaruka mambo kama haya wakikimbilia mikuki. Hapa hayarukwi.

Kabla ya kushambulia, ilibidi ngome ifungwe malango. Wiston alifungua plagi nne, mfuniko wa oili, mpira wa juu wa rejeta, na bomba la chujio la hewa linalokaa juu ya mdomo wa kabureta. Yakabaki matundu saba yaliyo wazi, na ole wake atakayeruhusu uchafu uingie humo. Wiston alitaka kuyaziba kwa matambara. Deodata akakataa. Akaenda shambani, akachuma majani makavu ya mgomba, akayasokota kama watu wa Keza wanavyoyasokota wanapoziba vibuyu vya pombe ya ndizi, akatia kizibo katika kila tundu na kukigonga kwa kiganja: tu! tu! tu!

"Viko saba, Mama. Utavikumbuka vyote?"

"Mimi? Mimi niliyeziba vibuyu tangu baba yako hajajua kunyoa? Kizibo changu hakijapata kusahauliwa."

Maneno hayo yahifadhini pembeni, kwa kuwa mbele yatahitajika.

Wiston alianza kwa silaha ya kigeni, dawa ya buluu aliyoinunua Ngara katika chupa yenye picha ya gari linalomeremeta. Akainyunyiza. Grisi ikainywa, ikaomba nyingine. Akaleta mafuta ya taa na kisu kisicho na mpini, akakwangua, na mabonge meusi yakaanguka. Lakini chini ya mabonge ilibaki ngozi ya weusi iliyong'ang'ania chuma kama deni la kijijini. Ndipo Deodata akajitokeza na bakuli la majivu, stiliwaya, na mswaki wa marehemu Rogasian, ule ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kuutupa wala wa kuutumia.

"Majivu, Mama? Hii ni injini, si sufuria."

"Chakula hupikiwa ndani, moto huwaka, masizi hushika nje. Nitofautishie."

Wiston akachota majivu. Basi kwaru, kwaru-kwaru, mlio ule wa alfajiri ukarudi, sasa ukiwa wa wawili, mama upande wa kulia na mwana upande wa kushoto, na majivu yakatafuna weusi, na mswaki wa Rogasian ukaingia katika vipembe ambavyo Rogasian mwenyewe hakuwahi kuviona. Wakamwaga maji, wakasugua, wakamwaga tena. Mfereji wa maji meusi ukapita chini ya banda ukielekea kwenye viazi vya jirani, na jirani akatazama akanyamaza, kwa kuwa aliwahi kubebwa na Bihogo siku mkewe alipozidiwa, na hakuwa mtu wa kusahau. Ilipofika saa nane, chuma kilikuwa kimetoka uchi, cheupe, kikishangaa jua.

Sasa rangi. Deodata akaingia ndani akatoka na kopo lililoshikana mfuniko.

Wiston akalitazama. "Mama, hii si ile…"

"Ndiyo ile. Ya fedha. Tuliyopaka msalaba wa baba yako. Ilibaki, na yeye hatagomba."

Wakaitoboa ngozi iliyoganda juu, wakaikoroga kwa kijiti na petroli kidogo, nayo ikaamka ikimeta kama ilikuwa imejifanya tu kulala. Brashi ilikuwa moja. Deodata akampa mwanawe, na yeye mwenyewe akatafuna ncha ya kijiti cha mkaratusi mpaka ikawa nyuzi, akapata brashi ya pili. Wakapaka.

"Unajua kwa nini nataka iondoke?" Wiston alisema bila kuinua kichwa. "Kila nikija, naikuta hapa bandani, naona kama Baba ameingia ndani kuchukua funguo tu, sasa hivi anatoka. Namsubiri. Kisha nakumbuka."

Deodata akapaka bolti moja, akapaka ya pili.

"Mimi pia namsubiri," akasema. "Ila mimi nikimsubiri, huwa nazungusha hendeli."

Wiston akageukia ukuta wa banda akakohoa, akasema ni harufu ya rangi. Naye mama yake akakubali kwamba rangi ile ni kali kweli.

Hata Deodata alipofika chini kabisa, nyuma ya bomba la moshi, mahali ambapo jicho halifiki ila mtu amelala chali, mkono wake ukasimama. Akakitazama kisehemu kile kisichopakwa, upana wa kiganja. Akamtazama mwanawe. Kisha akafunika kopo, akaugonga mfuniko kwa jiwe.

"Imetosha," akatangaza.

Jumapili wakasali misa ya kwanza, wakarudi. Petroli ilikuwa imeletwa katika chupa ya soda. Oili mpya ikatiwa. Betri ikang'olewa kwenye sola ya nyumba, na nyumba ikakubali kukaa bila taa kwa ajili ya ushindi. Deodata akaanza kung'oa vizibo vyake, kimoja kimoja, akivitupa katika beseni, na Wiston akimfuata nyuma akifunga plagi na mipira. Alikuwa amefika karibu na mwisho sauti ilipopasua migomba.

"Yewe, wifi! Naambiwa umeacha sufuria, siku hizi unasugua magari!"

Ndiye Mukandayisenga, dada wa marehemu, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya ndizi. Kiko kilikuwa mdomoni, na hakikumzuia.

"Kaka yangu alikuoa upike," akaendelea, "sasa nakuta umegeuka fundi!"

"Na wewe wifi ulizaliwa kusema, na mpaka leo hujapumzika. Njoo ushike beseni kabla mikono haijakufa kwa wivu."

"Wivu wa nini? Mbona hiyo injini inang'aa kuliko meno yako?"

"Kwa sababu injini haivuti kiko. Ingekuwa yako ingekuwa nyeusi mpaka rejeta."

Mukandayisenga akacheka hadi akajishika kiuno, Deodata akacheka hadi akakalia tairi, wakaulizana habari za viazi, wakaulizana habari za mbuzi aliyezaa pacha. Na wakati huo nyuma yao Wiston, akidhani kazi ya mama imekwisha, akalifunga bomba la chujio la hewa juu ya kabureta, akalikaza, akaridhika.

Saa tano na nusu fuso likapanda kilima likiguna, likasimama, na Ndassa akashuka. Mmesubiri jitu lenye uso wa fisi, samahani. Alikuwa mtu mpana mwenye kofia ya pama, aliyeivua akiwa bado mbali.

"Shikamoo, mama. Poleni na kazi."

"Marahaba, baba. Ya huko Nyakahura?"

"Ya huko nzuri. Hiki ndicho chuma?" Akainama juu ya injini, akapiga mluzi. "Mama yangu! Mimi nimebeba vyuma miaka kumi na mitano, sijaletewa kilichooga."

Wiston akamweleza kiapo chake. Ndassa akasikiliza kwa makini, akavuta ndoo akakalia, akaiangalia saa yake ya mkononi. "Kiapo ni kiapo," akasema. "Nitasubiri saa sita."

Wiston akaishika hendeli. Watu wakanyamaza, mbuzi wakanyamaza, kuku mweupe akatoa kichwa katika tenga. Akazungusha. Kho, ikasema injini. Akazungusha tena. Kho. Pu. Akazungusha hadi shati likanata mgongoni, akapumzika, akaangalia nyaya, akasafisha ncha za betri, akazungusha tena, na kila mara Bihogo alivuta pumzi kama anayetaka kusema jambo, kisha jambo likamkwama kooni. Saa sita kasoro robo. Saa sita kasoro dakika kumi.

Ndassa akasimama, akaishika kofia kifuani, akanena kwa huzuni ya kweli: "Mama, chuma kikichoka hakitukanwi. Hiki kimefanya kazi yake. Nami kwa jinsi mlivyokiosha, naona aibu kukipakia hivihivi. Nitakitandikia turubai, kisichubuke njiani."

Maneno hayo yalikuwa mema, na kwa sababu yalikuwa mema yalimchoma Deodata kuliko matusi. Wiston akaiacha hendeli, akaketi chini.

"Tumejaribu, Mama," akasema kwa sauti ya upole. "Tumejaribu sana."

Deodata hakulia. Aliinama achukue beseni, akamwage maji machafu, maana hata siku ya kushindwa vyombo huoshwa. Akaona vizibo vyake vinaelea. Na macho ya mtu aliyefuga kuku miaka hamsini hayawezi kuona vitu vinavyofanana bila kuvihesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Tano. Sita.

Akahesabu tena, kwa kidole, kama anavyohesabu vifaranga jioni. Sita.

"Wifi, umechukua kizibo changu?"

"Nizibe nini?"

"Mdomo. Lakini najua hukukichukua." Naye akasimama wima, magoti yote mawili yakikubaliana kwa mara ya kwanza mwaka ule, akainua mkono wenye rangi ya fedha hadi kwenye kiwiko, akapaza sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Wiston mwana wa Rogasian, inuka! Bihogo hakufa! Bihogo ana jani la mgomba kooni, na aliyemtia ni mimi!"

Naam, lile la kizibo kisichopata kusahauliwa. Mlioambiwa mlihifadhi, litoeni sasa, mcheke, kisha mlirudishe kwa heshima. Kwa maana mashujaa wengi husahau, ila wachache hutangaza mbele ya wifi.

Dakika sita. Wiston akalifungua bomba la chujio, spana ikamponyoka mara mbili. Ndassa akapiga magoti, akaichukua, akalegeza ile nati mwenyewe, mtu aliyekuja kuibeba injini akiifungulia pumzi. Wiston akatia vidole viwili katika mdomo wa kabureta, akavuta taratibu, kama wanavyovuta mguu wa ndama aliyekwama, na watu wote wakavuta naye kwa mabega. Plo! Kikatoka, kimelowa petroli, kimesinyaa. Deodata akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka katika beseni pamoja na ndugu zake.

"Saba," akasema.

Wiston akaishika hendeli. Lakini safari hii hakuzungusha mara moja. Alisimama mbele ya gari mahali aliposimama baba yake, akaweka kiganja juu ya boneti iliyofunuliwa, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya mtunza ghala.

"Ewe Bihogo," akasema, "mwenye pembe zilizo ndani. Usiyenywa mtoni…" Akakwama.

"Unayenywa kwenye dumu," akamalizia mama yake polepole.

Akazungusha.

Na Bihogo akalia! Alilia kwa mshindo, akatikisa banda hadi mabati yakapiga makofi. Akatema moshi wa miaka mitatu, mweusi kwanza, kisha wa kijivu, kisha mweupe. Rangi ya msalaba ikapata moto ikafuka harufu kali juu ya Keza yote. Kuku mweupe akaruka tenga akaacha enzi na mayai. Mbuzi mmoja akakata kamba akaenda kutoa habari kwa jirani. Na Mukandayisenga akapiga vigelegele kiko kikiwa bado mdomoni, jambo ambalo halijapata kuonekana tangu vilima vile viwekwe mahali pake. Ndassa akatazama saa yake, akainua mkono juu watu wote waione.

"Saa sita kasoro dakika mbili!" akatangaza. "Nimeshindwa, tena nimeshindwa vizuri. Nileteeni bisibisi, hii kabureta inakula sana." Akairekebisha mpaka injini ikatulia, ikawa inaguna kwa raha kama ng'ombe anayecheua. Hakutaka chochote. Akabembelezwa ndizi na maharage, akayakubali, akala mara mbili, akashuka kilima na fuso lake tupu akipiga honi mpaka kwenye kona.

Deodata akachovya kijiti chake katika kopo, akaandika juu ya bati la banda kwa herufi za shule ya msingi: BIHOGO ALILIA JUMAPILI. Na tangu siku hiyo, pale Keza, mambo huhesabiwa hivyo: mtoto wa fulani alizaliwa kabla ya Bihogo kulia, paa la kigango liliezekwa baada ya Bihogo kulia.

Jumatatu asubuhi bodaboda ikaja. Wiston akatoka na begi lake mgongoni, akamkumbatia mama yake, harufu ya petroli ikikumbatiana na harufu ya moshi wa kuni.

"Basi, Mama. Gari ipo. Uwe unaizungusha. Nami nitakuja… tutaona, kazi ikiruhusu."

"Sawa, baba. Ila kuna mahali hatukupaka. Chini, nyuma ya bomba la moshi. Kiganja kizima."

Wiston akasimama. "Mbona hukusema juzi?"

"Rangi iliisha."

Akaingia bandani, akalichukua kopo, akalitikisa karibu na sikio. Rangi ikapiga maji ndani, chwa, chwa, nyingi tu. Akatoka akamtazama mama yake, naye mama yake akatazama migomba kwa uso wa mtu asiyejua lolote juu ya kopo lolote duniani.

"Mama," akasema Wiston, na safari hii kicheko chake hakikuwa na saruji hata chembe. "Mama wewe."

"Mimi magoti yangu hayalali chali," akajibu Deodata, Msugua-Masizi, Mshindi wa Keza. "Uje tena, baba. Na uje na begi kubwa."